Risasi Haziingii V: Tambua Kasoro ya Darubini Kabla ya Kununua Nyingine

Mpigaji akikosa V, duara dogo la katikati kabisa ya shabaha, mara tatu mfululizo, cha kwanza kulaumiwa ni darubini ya bunduki, na dawa ya kwanza anayopewa na wenzake ni kununua yenye namba kubwa zaidi. Nimewaona watu wakihama kutoka mara 24 kwenda mara 40, kisha mara 60, na alama zao zimebaki palepale. Ile namba ya ukuzaji inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi mimi naiweka nafasi ya tatu. La kwanza ni darubini iwe na nafasi ya kutosha ya kupanda, yaani ya kuinua risasi ifike mbali. La pili, ukiiambia ipande dakika 30 (za pembe, si za saa), ipande 30 kweli, na ukiirudisha, irudi ilikotoka.

Ninayoyaandika ni ya F-Class, mchezo ninaoucheza. Unalala kifudifudi, bunduki imeegemea miguu miwili au egemeo la mbele, unapiga karatasi kuanzia yadi 300 hadi 1,000. Herufi F imetokana na jina la Mkanada George "Farky" Farquharson, aliyetaka watu ambao macho na viungo vyao vimechoka wapate njia ya kuendelea kupiga. Kwa yadi 1,000, yaani mita 914, duara la 5, yaani la alama tano, lina upana wa kama sentimita 25, na V iliyo ndani yake ni nusu ya hapo. Uwanja nitakaoutaja ni Bisley, Surrey, ambako chama cha National Rifle Association cha Uingereza kilihamia mwaka 1890 kutoka Wimbledon. Upande wa masafa marefu pale unaitwa Stickledown.

Vipimo viwili vya kukaa kichwani: dakika moja ya pembe ni kama sentimita 2.9 kwa mita 100, na kama sentimita 26.6 kwa yadi 1,000. Miliradiani moja, kipimo kingine cha pembe, ni sentimita 10 kwa mita 100.

Na kabla ya kugusa skrubu yoyote, toa bolti (komeo la bunduki), kagua chemba (mahali risasi inapokaa) kwa jicho, kisha ipapase kwa kidole.

Nobu imegota, na risasi bado ziko chini

Hili lilinipata mimi mwenyewe. Darubini yangu ya kwanza ilikuwa 6-24x50 (ukuzaji wa mara 6 hadi 24, lenzi ya mbele ya milimita 50), kila kliki ya nobu ikihamisha robo dakika, picha safi ajabu. Yadi 300 haikunisumbua, wala 600. Siku ya kwanza Stickledown kwenye yadi 1,000, nikaanza kuzungusha nobu ya juu huku nahesabu: 25, 26, 27, ikagota. Nilihitaji kama 31. Nikafyatua hivyo hivyo nikisubiri karatasi ishushwe ili walio kwenye handaki wabandike kisahani cha kuonyesha tundu. Haikushuka. Mwenzangu aliyekuwa akitazama kwa darubini ya miguu mitatu akaniambia vumbi limeruka kwenye tuta, chini ya karatasi.

Darubini haikuwa mbovu. Nilichonunua hakikulingana na kazi. Karatasi ya maelezo iliandika "dakika 60 za marekebisho", nami nikadhani ninazo 60 za kupandia. Hesabu hiyo ni ya kutoka mwisho wa chini hadi mwisho wa juu. Ukifunga darubini kwenye reli iliyonyooka (reli ni kipande cha juu ya bunduki kinachoshika darubini) na kuisawazisha kwa yadi 100, yaani risasi ipige pale unapolenga (wengi husema kuiziro), utakuwa karibu na katikati, kwa hiyo unabaki na kama 30 za kupanda, na pengine pungufu. Risasi ya .308 (ukubwa wake kwa inchi) yenye tonge la uzito wa greni 155 huhitaji takriban dakika 30 kutoka yadi 100 hadi 1,000. Uko ukingoni kabisa.

Tena ukifika ukingoni, marekebisho ya kushoto na kulia nayo hupungua, kwa sababu bomba la ndani ni duara linalocheza ndani ya duara jingine. Upepo wa Bisley hautakuvumilia kwa hilo.

Mara nyingi dawa ni reli iliyoinama dakika 20 kuelekea mbele, wala huhitaji darubini mpya. Ukiwa na darubini ya dakika 60 juu ya reli hiyo, kuisawazisha kwa yadi 100 kunakuweka dakika 20 chini ya katikati, na juu unabaki na 50. Kwenye yadi 1,000 unakuwa dakika 10 tu juu ya katikati, mahali pazuri. Ila usikimbilie reli ya 30 bila kupiga hesabu. Darubini ya Nightforce Competition 15-55x52, inayopendwa sana na watu wa F-Class, ina takriban dakika 55 kwa jumla. Nusu yake ni 27.5. Kwenye reli ya 30, yadi 100 huipati tena.

Wauzaji wengi husema bomba nene la milimita 30 au 34 huingiza mwanga zaidi kuliko la inchi moja. Si kweli. Mwanga unategemea lenzi ya mbele, ubora wa vioo na ukuzaji uliouweka. Unene wa bomba unaipa sehemu ya ndani nafasi ya kutembea, na hiyo ndiyo sababu ya kuutaka.

Picha inachemka, V haionekani

Asubuhi ya Julai uko mara 50, karatasi imetulia kama picha ukutani. Ikifika saa tano, duara jeusi linaanza kucheza kama kitu kilicho chini ya maji ya kijito, kingo zinakatika na kuungana, na V imekuwa ukungu. Hayo ni mazigazi. Hewa iliyopashwa joto na ardhi inapanda na kuupinda mwanga njiani, na darubini inaikuza hewa hiyo pamoja na shabaha. Fedha yoyote utakayotoa haitaifuta, kwa maana haipo kwenye kioo.

Fanya jaribio hili kabla ya kulalamika. Punguza ukuzaji kutoka 50 hadi 40, halafu 30, halafu 25, ukisimama kila mahali kwa pumzi tatu. Utafika mahali picha inakuwa ndogo lakini kingo za duara zinakaa. Piga hapo. Mchana wa jua mimi hupiga kati ya 25 na 32, na alama zangu nzuri zaidi za yadi 1,000 zimetoka hapo. Hii ndiyo faida halisi ya ukuzaji unaobadilika. Darubini ya mara 45 isiyobadilika ni nyepesi na ina kioo kizuri, na watu wa benchrest, wanaopiga karatasi za karibu bunduki ikiwa juu ya meza, huipenda kwa haki. Kwa yadi 1,000 saa saba mchana itakufunga mikono.

Kwa hiyo unaponunua, iangalie namba ndogo kwa makini kama unavyoiangalia kubwa. Darubini ya 15-55 inakuacha ushuke. Ile 8-80x56 ya kampuni ya March inakuacha ushuke zaidi. Kinachonihuzunisha ni mtu kulipia 80 halafu asiguse zaidi ya 40 msimu mzima.

Kuna mchemko mwingine wenye chanzo tofauti kabisa, na watu huuchanganya na huo. Ukiona picha ilikuwa imetulia mwanzoni, kisha baada ya risasi kumi na kitu ikaanza kuyumba, hata siku ya mawingu na baridi, tazama mtutu wako. Joto lake linapanda moja kwa moja mbele ya lenzi. Funga utepe mpana juu ya mtutu, kuanzia karibu na darubini hadi karibu na mdomo, na hewa ya moto itatokea pembeni. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vilivyomo kwenye makala hii.

Chanzo cha tatu ni jicho. Gawa upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji: 52 kwa 55 ni milimita 0.95. Huo ndio upana wa mwanga unaotoka nyuma kuingia jichoni. Mboni yako mchana ina milimita mbili au tatu. Mwanga mwembamba namna hiyo hufanya picha iwe hafifu, vijidoa vinavyoelea ndani ya jicho lako vinaonekana, na kichwa kikisogea kidogo tu picha inapotea. Shuka hadi 30 na unapata 1.7. Ukiona picha inang'aa tena kwa kushuka tu, basi haikuwa hewa.

Kundi la matundu limetawanyika na risasi ni zilezile

Anza na skrubu. Kaza pete na reli kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo alichoandika mtengenezaji wa pete. Kwa vifuniko vya pete mara nyingi ni karibu nyutoni-mita 2, kiasi kidogo kuliko mkono wako unavyodhani. Kukaza kupita kiasi kunabana bomba na kuzuia mashine ya ndani isicheze, na hapo unakuwa umejitengenezea kasoro mpya. Piga mstari mdogo wa wino unaovuka pete na bomba. Baada ya risasi 20 utazame. Mstari ukikatika, darubini inateleza kwa teke la bunduki, na kosa ni la kufunga.

Kama mstari umekaa, nenda kwenye paralaksi, yaani hali ya picha na msalaba (mistari ya kulengea ndani ya darubini) kutokaa mahali pamoja. Weka bunduki imara kwenye mifuko ya mchanga, lenga shabaha, ondoa mikono, kisha sogeza kichwa polepole juu na chini, kushoto na kulia, bila kuigusa. Msalaba ukitembea juu ya karatasi, paralaksi haijarekebishwa. Zungusha nobu ya pembeni hadi msalaba ugande palepale jicho linaposogea. Usiamini namba zilizoandikwa kwenye nobu hiyo. Zimechapwa kiwandani na haziijui hewa ya leo wala jicho lako. Ukipata mahali sahihi, weka alama yako kwa kipande cha tepu.

Wengi hushindwa hapa kwa sababu waliruka hatua ya kwanza, yaani kulirekebisha pete la lenzi ya jicho. Elekeza darubini kwenye mbingu tupu (kamwe usiielekeze kwenye jua), fumba macho, fumbua, tazama msalaba kwa sekunde moja au mbili tu. Ukikutana nao ukiwa mkali tangu mwanzo, umepata. Ukikutana na ukungu halafu ukawa mkali, jicho lako limeufuata, na litachoka kabla ya risasi ya kumi na tano. Zungusha kidogo, fumba, rudia. Hatua hii ikiwa imekosewa, picha kali na paralaksi iliyotulia havitokei mahali pamoja, nawe utamlaumu mtengenezaji bure.

Darubini ambayo baada ya haya yote bado inakataa, ambayo picha ikiwa kali msalaba unatembea na msalaba ukitulia picha ni ukungu, hiyo ni mbovu kweli. Irudishe.

Kila ukienda mbali, risasi zinahamia upande uleule

Yadi 300 katikati. Yadi 600 kulia kidogo. Yadi 1,000 kulia zaidi, hata bendera zikiwa zimelala. Watu husema ni mzunguko wa risasi, na kweli upo kiasi, lakini tazama kwanza kama darubini imefungwa wima.

Ikiwa imeinama digrii moja tu, ukipandisha dakika 30 hupandi wima. Unapanda ukienda pembeni nusu dakika. Kwa yadi 1,000 hiyo ni kama sentimita 14. Kutoka katikati ya karatasi hadi ukingo wa duara la 5 ni kama sentimita 12.7. Umetoka nje ya 5 bila upepo wowote, kwa digrii moja ambayo macho hayaioni.

Fundi mwashi ana dawa ya hili tangu zamani: timazi. Ning'iniza uzi wenye uzito kwa umbali wa mita 30 hivi, mahali pasipo upepo. Linganisha mstari wa wima wa msalaba na uzi. Kisha zungusha nobu ya juu kutoka mwisho hadi mwisho huku bunduki haitikisiki. Msalaba unapaswa kutembea juu ya uzi bila kuuacha. Ukitembea sawa, kaza pete taratibu ukibadilishana skrubu, maana kukaza upande mmoja kunaizungusha darubini. Halafu funga pimamaji dogo kwenye bomba na ulisawazishe na uzi uleule.

Kama mstari wa wima umelingana na uzi mwanzoni lakini ukauacha wakati wa kupanda, msalaba umewekwa upande ndani ya darubini. Kosa hilo ni la kiwandani, nalo lipo hata kwenye darubini za bei ya juu. Unaweza kuifunga kwa kufuata mwendo badala ya mstari, na kuishi nayo. Kwa pesa inayotozwa mimi nisingekubali.

Kliki hazifiki zilipoahidi, au hazirudi

Hapa panahitaji karatasi ndefu na futi ya chuma. Chora mstari wima kwa timazi, wa zaidi ya mita moja, na uweke doa la kulenga chini. Pima umbali kwa futi ya kamba kutoka lenzi hadi karatasi. Yadi 100 ni mita 91.44, na nimeona mtu akitupa darubini nzima kwa sababu alipima mita na kuhesabu kwa yadi, akapata "kosa" la asilimia tisa.

Piga risasi tatu ukilenga doa. Panda dakika 30, piga tatu ukilenga doa lilelile. Rudi sifuri, piga tatu tena. Kwa yadi 100, dakika 30 ni sentimita 79.8. Kwa darubini ya miliradiani, panda 10 kwa mita 100, na unatarajia mita moja kamili.

Ukipata pungufu au ziada ya asilimia 2, na ukarudia ukapata hivyo hivyo, darubini ni mkweli mwenye lafudhi yake. Andika namba hiyo kwenye daftari na uitie kwenye hesabu. Kwa yadi 1,000 ni kama sentimita 16, lakini ni zilezile kila siku. Kilichonifanya niiuze darubini yangu ya pili ni kundi la tatu. Lilikuwa limerudi sentimita mbili kulia kwa la kwanza, na kesho yake limerudi sentimita moja chini. Picha yake ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Darubini isiyorudi haina dawa mezani kwako.

Ukubwa wa kliki nao uangalie hapa. Thumuni ya dakika inahamisha tundu kama sentimita 3.3 kwa yadi 1,000, robo inahamisha 6.6, na sehemu ya kumi ya miliradiani inahamisha 9.1. V ina upana wa sentimita 12.7. Kwa F-Class mimi huchukua thumuni bila kusita.

Msalaba unaifunika V, au alama zake hazisemi kweli

Hili ni suala la mahali msalaba ulipowekwa. Ukiwa mbele ya mashine ya ukuzaji, unakua pamoja na picha. Alama zake ni sahihi kwenye kila ukuzaji, ila kwenye mara 40 mistari inanenepa na kuifunika V. Ukiwa nyuma, unabaki mwembamba daima, lakini alama zake ni sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu ulioandikwa kwenye kitabu.

Wanaopiga mashindano ya vibati vya chuma kama Precision Rifle Series ya Marekani, wakihama kutoka umbali mmoja hadi mwingine kwa saa inayokimbia na wakishikilia upepo kwa alama, huchagua wa mbele na wa miliradiani, na wengi hukaa kati ya mara 10 na 20. Sisi tunaolala na kupiga karatasi moja, umbali mmoja, tuchague wa nyuma, wenye kidoa kidogo katikati. Ukinunua darubini kwa kufuata ushauri wa mtu wa mchezo ule mwingine, utapata kitu bora kabisa ambacho hakikufai.

Kivuli cheusi pembeni mwa picha

Jicho halipo kwenye mstari. Lala kama unavyolala siku ya mashindano, na koti lako lilelile, fumba macho, tua shavu, fumbua. Kivuli kikiwa pande zote, sogeza darubini mbele au nyuma. Kikiwa chini au juu tu, rekebisha egemeo la shavu. Fanya hivyo kwenye ukuzaji mkubwa zaidi, maana hapo ndipo nafasi ya jicho ni finyu.

Mizani imekataa

F-Class ina makundi mawili. F/TR, ya bunduki za miguu miwili, ina kikomo cha kilo 8.25 pamoja na darubini na miguu hiyo. F-Open, ya egemeo la mbele, ni kilo 10. Nightforce ATACR 7-35x56 ina kama kilo 1.1, na ile Competition niliyoitaja haifiki gramu 800. Tofauti hiyo ya gramu 300 inaweza kuwa sentimita kadhaa za mtutu. Pima bunduki bila darubini kwanza, ndipo ufungue pochi.

Ukinunua ya mtumba

Uingereza darubini yenyewe haihitaji kibali, bunduki ndiyo inayohitaji, kwa hiyo za mtumba ni nyingi na nzuri. Zungusha nobu zote mbili kutoka mwisho hadi mwisho ukihesabu, na ulinganishe na hesabu ya kiwandani. Tafuta alama za kubanwa zilikokuwa pete. Mulika kwa tochi kutoka mbele utazame kama kuna ukungu ndani. Kisha omba siku saba za kuijaribu kwa karatasi ndefu kabla malipo hayajawa ya mwisho.

Kwa walioko nyumbani Afrika Mashariki wanaotaka kuagiza kutoka Marekani: kuzitoa darubini za bunduki nje ya nchi ile kunadhibitiwa, na kwa kawaida hudai kibali. Usimpe jamaa yako aitie kwenye begi. Agiza kwa muuzaji mwenye leseni ya kusafirisha, na uulize mapema upande wako nako forodha na polisi wanataka karatasi gani.